Kozi ya siku kumi za ukimya, kwa aliyechoka kubeba mateso yake

Nianze na hukumu yangu, maana najua baadhi yenu mnasoma haya mkiwa tayari mmefungua fomu ya maombi: kozi hii inafaa, inatimiza inachokiahidi, na haimfai kila mtu. Ni kozi ya siku kumi ya Vipassana, njia ya kutafakari ya Kibuddha kwa kuzitazama hisia za mwili, inayofundishwa kwa utaratibu wa mwalimu S. N. Goenka. Kituo nilichokwenda sitakitaja. Ratiba, kanuni na mafundisho ni yale yale popote pale, na ninayotaka kuyasema hayahusu majengo.

Niseme kwanza nilikwenda na mzigo gani. Nilimuuguza baba yangu hadi alipofariki. Ndugu zangu walikuwa mbali, wakipiga simu, wakituma walichoweza. Mimi ndiye niliyemgeuza kitandani usiku, niliyejua dawa ipi inamtapisha, niliyekuwapo pumzi ilipokatika. Baada ya mazishi uchovu uliisha taratibu, lakini kuna kitu kilibaki. Kila nilipoongea na kaka yangu, ndani yangu palikuwa na mtu anayepiga hesabu. Wewe ulikuwa wapi? Mimi nilikuwapo. Watu wakinipa pole nilizipokea kama malipo ya deni ambalo halijaisha.

Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu kuamka kiroho na kuivua nafsi, yaani ile "mimi" tunayojijengea na kuing'ang'ania. Karibu yote yanamsema mwenye mali, mwenye cheo, mpenda sifa. Hayakunigusa, kwa kuwa sikuona nina nini cha kujivunia. Ni mara chache mno nimekuta maandishi yanayosema wazi kwamba nafsi hujijenga juu ya maumivu kwa uimara ule ule inaojijenga juu ya ushindi, pengine zaidi, kwa sababu mwenye kiburi cha mali utamkosoa, ila aliyeumia hakuna anayethubutu kumwambia aachilie. Nimeandika tathmini hii kwa ajili ya mtu wa namna hiyo.

Njia yenyewe Goenka aliipata Burma, Myanmar ya leo, kwa Sayagyi U Ba Khin, mtumishi wa serikali aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa nchi hiyo baada ya uhuru wa mwaka 1948. Goenka, aliyezaliwa Mandalay mwaka 1924, alikuwa mfanyabiashara anayeteswa na kipandauso kikali mno, hadi akawa anachomwa mofini. Alipobisha hodi kwa U Ba Khin alikataliwa kwanza: kama unatafuta dawa ya kichwa, umekosea mlango. Alikubaliwa baadaye, akafanya kozi yake ya kwanza mwaka 1955, na mwaka 1969 akaenda India kufundisha. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo kabisa. Kisa hicho cha kukataliwa nakithamini sana. Anayekuja kutafuta nafuu ya jambo moja tu, iwe kichwa, ndoa au msiba, ataishia kupambana na jambo hilo siku zote kumi na kusahau kujitazama.

Goenka alifariki mwaka 2013, lakini bado ndiye mwalimu. Maelekezo hutoka kwenye rekodi za sauti yake, na kila jioni mnatazama hotuba yake ya zaidi ya saa nzima. Mbele ya ukumbi hukaa mwalimu msaidizi ambaye unaweza kumwona baada ya chakula cha mchana kwa dakika chache.

Siku inaendaje? Kengele inalia saa 10 alfajiri. Mnaketi kuanzia saa 10:30 hadi 12:30, mnapata kifungua kinywa, mnarudi, na mambo huendelea hivyo hadi taa kuzimwa saa 3:30 usiku. Ukijumlisha, ni kama saa kumi za kuketi kwa siku. Chakula cha mchana ni saa 5; baada ya hapo kuna chai na matunda jioni tu, na wanafunzi wa zamani, yaani waliokwisha maliza kozi, hata hayo matunda hawali. Simu unaikabidhi mlangoni. Vitabu na kalamu pia. Hakuna kusemezana, hakuna ishara za mikono, hata kutazamana machoni mnaepuka. Wanaume upande wao, wanawake upande wao.

Malipo: hakuna. Chakula, malazi, mafundisho, vyote ni bure, na mchango hupokewa tu kutoka kwa aliyekwisha maliza walau kozi moja. Wanaopika na kuosha vyombo ni wanafunzi wa zamani wanaojitolea. Wengi wanalisifu hili kwa sababu ya unafuu wake. Mimi lilinisumbua. Nilizoea kujua nani ametoa nini na nani hakutoa. Sasa nikawa nakula sahani iliyolipiwa na mtu ambaye hanijui, hatanijua, na hangojei shukrani. Siku za mwanzo nilitamani kuosha vyombo ili tu nisidaiwe. Mgeni haruhusiwi. Unakaa, unapokea.

Siku tatu za kwanza ni pumzi tu, inapoingia na kutoka puani, na ule mguso mdogo juu ya mdomo wa juu. Zinachosha, sina zaidi la kusema juu yake. Siku ya nne unafundishwa Vipassana yenyewe: kuupitisha usikivu mwilini kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, sehemu baada ya sehemu, ukitambua hisia iliyopo bila kuitaka wala kuikataa. Kisha katika vile vikao vitatu kwa siku vya pamoja, vya saa nzima, unajiwekea azimio la kutofungua macho, kutokunjua miguu wala kusogeza mikono.

Kikao cha saa 8:30 mchana ndicho kilichonifanyia kazi. Maumivu yangu yalikuwa chini ya bega la kushoto, eneo la kufunikwa na kiganja. Mwanzoni yalikuwa kitu kimoja, kigumu, kisichopenyeka. Nilipolifikia eneo lile polepole, kwa utaratibu ule ule niliopitia shavu na kiwiko, kile kitu kimoja kikaanza kuachana. Hapa joto. Pale mdundo wa mshipa. Pembeni kidogo mchomo mwembamba unaokuja na kupotea. Na katikati, nilishangaa, palikuwa na mahali pasipouma hata kidogo. Nikakaa hapo. Halafu akili ikatamka sentensi moja: kaka asingeweza kuvumilia hili. Papo hapo bega lote likakaza na lile donge likarudi, zito kuliko mwanzo. Nilizishuhudia hatua zote kwa mpangilio wake: sentensi, kukaza, mateso. Kilichonishtua zaidi ni kwamba ile sentensi ilikuwa tamu. Ilinipa hadhi. Nilikuwa radhi kuumia zaidi ili niendelee kuwa yule aliyeumia.

Mafundisho ya kale ya Buddha yana mfano wa mishale miwili: wa kwanza ni maumivu yenyewe, yanayompata kila mwenye mwili, wa pili ni ule tunaojichoma wenyewe kwa namna tunavyoyapokea. Nilikuwa naujua mfano huo kwa miaka. Kuujua hakukunisaidia lolote. Pale kwenye mto wa kukalia niliushuhudia mshale wa pili ukitoka mkononi mwangu mwenyewe, tena mara nyingi ndani ya saa moja, na kila mara nikapata nafasi ndogo sana ya kuuacha usiende.

Watu huuliza kuachilia kunafanywaje. Kwa nilivyoona, hukufanyi kwa nguvu. Nilijaribu kuiamuru akili imsamehe kaka, ikanijibu kwa hesabu mpya. Lakini ile sentensi ilipojirudia nami nikaisikia tu, nikarejea kwenye joto na mdundo, ilikosa wa kuilisha. Ikaja tena ikiwa dhaifu. Siku moja haikuja kabisa, na mahali pake pakaingia huzuni tupu ya kumkosa baba: mikono yake, namna alivyoniita jina. Nililia palepale nimekaa, mgongo wima, na hakuna aliyenigusa bega kwa sababu kanuni haziruhusu. Wakati huo nilishukuru. Faraja ya mtu ingeniamsha yule mpiga hesabu ndani yangu. Huzuni ile ilikuwa safi, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuionja tangu msiba.

Sasa yanayonipa shaka, na nayasema kwa uzito ule ule.

La kwanza ni sala. Unatakiwa kusimamisha ibada zako zote kwa muda wa kozi: rozari, tasbihi, kufunga, maombi. Sababu wanayotoa ni kwamba njia ijaribiwe bila kuchanganywa. Mimi rozari yangu ilikaa kwenye begi, na moyo haukutulia juu ya hilo mwanzo hadi mwisho. Kwa Mwislamu, ambaye swala tano ni faradhi, ni suala la kuuliza kituo mapema, kabla ya kujisajili, na kupata jibu lililonyooka. Na ingawa hotuba husisitiza kwamba hii si dini, kuna nyimbo za Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha, kuna kanuni za mwanzo zinazotamkwa kwa lugha hiyo, na kuzaliwa upya kunaelezwa kama jambo lililothibitishwa. Nilichukua mazoezi, itikadi nikaiacha pale pale. Inawezekana. Ni vizuri tu mtu ajue anachoingia.

La pili ni zito zaidi. Kuvuliwa nafsi si jambo la upole kila mara. Mwaka 2017 Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha utafiti wa mahojiano na watu waliotafakari kwa kina, na miongoni mwa waliyoyaeleza ni hofu kali, kukosa usingizi, na kupotelewa na hisia ya kuwa mtu fulani kwa namna iliyowatisha na kuwavuruga kazini na nyumbani. Fomu ya maombi inauliza kuhusu afya ya akili. Jaza ukweli wote, dawa zote, kila ugonjwa uliowahi kukulaza. Msiba ukiwa mbichi, subiri. Mimi nilisubiri, na naamini huzuni ile ingenizamisha kama ningekwenda miezi ya mwanzo.

La tatu, maswali mengi hujibiwa kwa jibu moja: tazama hisia, tambua kwamba nayo itapita. Kwa bega langu lilitosha. Kwa mtu ambaye nyumbani anapigwa, au anadhulumiwa kazini, jibu hilo peke yake ni hatari. Nafsi inayong'ang'ania maumivu ya jana ni suala la kutazamwa ndani. Mkono unaokupiga leo unahitaji kukimbiwa, kuripotiwa, kuzuiwa. Nimeshasikia watu wakiambiwa "achilia nafsi" na yule yule anayewaumiza. Huo ni udhalimu uliovaa kanzu ya hekima, na ningependa kila anayefundisha mambo haya aliseme hilo kwa sauti, mapema, bila kuulizwa.

Na kuna jambo la siku ya kumi. Baada ya kufundishwa Metta, yaani kuwatakia viumbe wote mema, ukimya unafunguliwa. Ndani ya muda mfupi tulikuwa tukilinganisha: nani alisikia mtiririko wa hisia mwili mzima, nani alikaa saa nzima bila kutikisika, nani hii ni kozi yake ya ngapi. Nafsi ilikuwa inatungoja mlangoni. Ilinisikitisha, lakini pia ilinifundisha kuliko hotuba kadhaa: niliyekuwa nikiringia kuuguza, sasa ningeweza kuringia kuacha kuringia. Kozi haina tiba ya hilo isipokuwa kuendelea kuketi. Wanashauri saa moja asubuhi na saa moja jioni kila siku. Kwa mwenye watoto au kazi ya zamu ni mzigo mkubwa. Mimi nimebaki na nusu saa ya alfajiri, na nimeona inatosha kuniwezesha kuisikia ile sentensi kabla bega halijakaza.

Kuhusu kaka yangu. Nilimpigia baada ya kurudi. Sikumweleza habari za kozi. Alianza, kama kawaida yake, kujitetea kuhusu safari alizoshindwa kuja, na nilimwachia aseme hadi mwisho. Akaniambia kwamba simu ikilia usiku bado hushtuka akidhani ni ile habari ya baba. Sikuwahi kujua. Miaka yote nilikuwa nimeshika daftari la madeni, na upande wake hapakuwa na ukurasa wa kuandika jambo kama hilo. Hatujawa marafiki wakubwa. Tunaongea, na nikikata simu sibaki na hasira.

Kwa anayetaka kwenda: anza mapema kuzoea kukaa sakafuni, hata dakika ishirini kwa siku. Ukiwa na magoti au mgongo mbaya omba kiti, wanakupa, na mafundisho hayapungui kwa kukalia kiti. Waage wa nyumbani vizuri na uwaachie namba ya kituo, maana hakuna atakayekupata kwenye simu yako. Usijipangie kurudi kazini siku inayofuata. Na kama kuna mtu unayemwamini, awe padri, shehe, mshauri nasaha au rafiki asiye na haraka, mwombe mkutane wiki ya kwanza baada ya kurudi, kwa sababu yale yaliyofunguka ndani yatahitaji wa kuyasikiliza, na kazi hiyo kozi haiifanyi.