STM yenye ncha ya sumaku: wiki mbili na teluridi ya chuma

Nimemaliza wiki mbili kwenye maabara moja ya pamoja, zile za kuomba nafasi unapangiwa siku zako za mashine, nikaona niandike maana mtu akitafuta maoni ya hii mashine anakuta vipeperushi vya wauzaji tu. Ni hadubini ya STM (ncha kali inapitishwa karibu sana na uso, na mkondo mdogo wa umeme kati yao ndio unaochora atomu) ya baridi kali, inakaa kelvini 4 na kidogo kwa heliamu iliyo kimiminika, ina sumaku kubwa ya kubadilisha uga wa sumaku, na kilichonipeleka ni kimoja: nione, atomu kwa atomu, sumaku ya superkondakta za chuma, yaani vitu vyenye chuma vinavyopitisha umeme bila ukinzani vikipoa sana.

Tangu 2008 kundi la mtafiti Hideo Hosono kule Japani lilipotoa ile LaFeAsO (lanthani, chuma, aseniki na oksijeni) yenye florini, inayopitisha umeme bila ukinzani chini ya kelvini 26, swali halijaisha, sumaku ya chuma inaisaidia superkondakta au inaibana? Majaribio ya kurusha nyutroni kwenye fuwele yanajibu vizuri sana ila yanakupa wastani wa fuwele nzima, na mimi nilitaka kujua pale penye atomu ya chuma iliyozidi kunakuwaje.

Sampuli yangu ilikuwa Fe1+yTe, teluridi ya chuma (chuma na teluri) yenye chuma iliyozidi kidogo. Yenyewe haiwi superkondakta mpaka uitie seleni, lakini mistari yake ya sumaku (sumaku za atomu zimejipanga kwa safu zinazojirudia) iko wazi na inabanduka vizuri mno, unagundisha kijiti juu yake, unakigonga ndani ya ombwe, tabaka linatoka na kijiti, unabaki na uso wa teluri ambao haujawahi kuguswa na hewa.

Sasa ncha. Ncha ya kawaida haioni sumaku kabisa, inaona atomu tu. Kwenye sampuli hii kuna ufumbuzi mzuri sana, ile chuma iliyozidi inakaa juu ya uso kama vidoa vinavyong'aa, unashusha ncha taratibu juu ya kidoa, inaokota, na ncha yenyewe inakuwa na sumaku, hapo inaanza kuitikia sumaku ya atomu zilizo chini yake. Ilinichukua siku 4. Siku ya nne usiku kwenye skrini zilikuwepo atomu za teluri kwa miraba kama kawaida, nikaokota kidoa kingine, nikachora upya palepale, safu moja inang'aa inayofuata imefifia, moja inang'aa moja imefifia, mpaka mwisho wa picha! Mistari inajirudia kila nanomita 0.76 hivi, mara mbili ya umbali wa teluri na teluri. Nilikaa naitazama tu.

Ila msikimbilie kushangilia, mistari peke yake sio ushahidi, inaweza kuwa ya mpangilio wa chaji za umeme tu, si ya sumaku. Geuza uga. Spini ya ncha, yaani mwelekeo wa sumaku yake, inageuka, ya sampuli inabaki ilivyo kwa sababu ni antiferosumaku (sumaku za atomu zake zinapingana na kufutana), kwa hiyo safu iliyong'aa inafifia na iliyofifia inang'aa. Ukitoa picha moja kwenye nyingine atomu zinafutika, sumaku inabaki. Mashine isiyokuwa na sumaku ya kugeuza uga mi nisingeichukua kwa kazi hii hata bure.

Malalamiko yapo. Chumba cha jirani kulikuwa na pampu inawashwa bila taarifa, na hapa mkondo unabadilika kama mara 10 kwa kila nanomita 0.1 ya umbali kati ya ncha na uso, sasa fikiria mtikisiko wa pampu unafanya nini, nimepoteza siku 2 nzima. Halafu kila heliamu ikijazwa ncha inahama, unaanza kutafuta upya sehemu yako. Fundi wa zamu lakini alikuwa mtu kweli, saa 9 usiku amekuja kunisaidia kurudisha ncha na hakununa.

Na mjue inaona uso tu, ukitaka kusema lolote kuhusu ndani ya fuwele nenda na data ya nyutroni mkononi.

Nyota 4 kati ya 5, ile moja ni ya pampu. Nimeshaomba nafasi nyingine, safari hii nakwenda na sampuli zenye seleni kidogo kidogo nione mistari inaanza kukatika wapi.