Freedom Trail ya Boston, nimeenda na bi mkubwa, naipa nyota nne

Bi mkubwa alikuja kutoka Tanga mwezi wa sita nikaona nimpeleke Boston mjini atembee Freedom Trail, maana hata mimi na miaka yote niliyokaa huku sikuwahi kuimaliza. Kwa asiyeijua ni mstari mwekundu, sehemu kubwa matofali, umepita barabarani kama kilomita 4 unaunganisha sehemu 16 za historia ya Wamarekani kujitoa kwa Mwingereza. Kuufuata mwenyewe ni bure. Sisi tulilipia muongozaji, kijana kavaa nguo za karne ya 18 na kofia yake, saa moja na nusu anaongea tu na mimi namtafsiria mama, na hela yangu siijutii.

Pale Old South Meeting House, ukumbi walikokutana watu kabla ya kwenda kumwaga chai, ndo palinikamata. Mimi toka shule najua chai ya Mwingereza ilimwagwa baharini hapa Boston kwasababu ilikua ghali, kumbe sivyo, sheria ya 1773 ilishusha bei ya chai ila kodi ya bunge la London ikabaki humohumo, na watu wa makoloni ya Amerika kwenye hilo bunge hawana mbunge hata mmoja, wakaona tukiinywa tu tumeshakubali. Usiku wa tarehe 16 Desemba makasha 342 yakaenda majini. Mwingereza kwa hasira 1774 akaifunga bandari, akijua Boston itakaa na njaa yake peke yake. Sasa makoloni mengine yakaanza kuleta chakula jamani, mchele kutoka South Carolina, kondoo kutoka Connecticut, na Septemba hiyohiyo makoloni 12 kati ya 13 yakakaa kikao Philadelphia. Watu ambao kila mmoja alikua na bunge lake na mambo yake, adhabu ya mwenzao ndo ikawafanya waanze kusema "sisi". Mama akaniambia, "Babu yako siku za kodi ya kichwa alikua analala shambani mwanangu, wasimkute." Nikamtafsiria muongozaji, akavua kofia.

Old State House, jengo la serikali la zamani, tukasimama pale walipouawa kwa risasi za askari wa Mwingereza watu watano mwaka 1770, akiwemo Crispus Attucks mwenye asili ya Afrika, na juu kuna roshani lilikosomwa tangazo la uhuru 18 Julai 1776. Mama akauliza, na waliokua watumwa siku hiyo walishangilia nini? Kijana hakukwepa, alisema Faneuil Hall yenyewe, ukumbi wa mikutano na soko hapo mjini, ilijengwa na tajiri ambaye biashara ya watumwa ilimuingizia hela, na Massachusetts utumwa uliishia mahakamani miaka ya 1780 lakini kusini ukaendelea mpaka 1865. Kwa hilo jibu nampa heshima yake.

Nyota moja nimeipunguza kwasababu ziara inakatikia 1776 kama vile siku ile nchi ilikua tayari. Haikua tayari! Vita imeisha 1783, serikali yao ya kwanza haina hata uwezo wa kutoza kodi, wanajeshi wanadai mishahara yao, 1786 wakulima wa hapahapa Massachusetts wakashika silaha, ndo 1787 wakakaa upya kuandika katiba, na Massachusetts iliipitisha kwa kura 187 kwa 168, hapohapo Boston. Yaani walikua karibu kuikataa. Hiyo ndo sehemu ngumu kuliko kumwaga chai na haikutajwa hata kwa dakika mbili, sisi tuliotoka Tanganyika ya 1961 tungeielewa vizuri sana.

Mkienda na wazazi vaeni viatu laini, na mnara wa kumbukumbu ya vita wa Bunker Hill una ngazi 294 na hauna lifti, mama alinisubiri chini. Kesho yake tulienda Black Heritage Trail, njia ya historia ya watu weusi kule mtaa wa Beacon Hill, African Meeting House, kanisa lao la 1806, ipo huko, na humo mama alikaa kwenye benchi muda mrefu sana, hakutaka tuondoke.