Gesi mara tatu, joto lile lile

AC ya gari lako ikipuliza joto, usikubali mtu akujazie gesi kabla hajafungua boneti akaangalia. Mimi nimekubali mara tatu. Mara tatu, gereji ile ile huku Tabata, shilingi 60,000 kila nikienda, na bado mama yangu mzazi ametoka kliniki Muhimbili akafika nyumbani khanga imemganda mgongoni kwa jasho. Mama ana presha. Ndiyo maana naandika nikiwa na hasira, na sitaomba radhi.

Ilianza kipindi kile cha joto, mwezi wa kwanza kuelekea wa pili. Gari likitembea, AC safi kabisa. Nimeenda nalo Kibaha na kurudi, watoto nyuma wanaomba nipunguze. Lakini nikisimama kwenye mataa ya Buguruni, dakika tatu nne tu, upepo unakuwa vuguvugu, halafu joto, kama mtu anakupumulia usoni. Foleni ikisogea na gari likashika mwendo, baridi inarudi.

Maelezo haya nilimpa fundi mkuu siku ya kwanza, hivi hivi nilivyoandika. Nalisisitiza hilo kwa sababu baadaye alidai sikumwambia. Nilimwambia. Alikuwa anachezea simu, akasema, "Dada, hiyo gesi imeisha." Hakuwasha hata gari aangalie kwanza.

Gesi ya AC haiishi kama petroli. Inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka nenda rudi. Ikipungua kuna mahali inavuja, na panapovuja mara nyingi utakuta mafuta mafuta kwenye maungio, maana oili ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, husafiri pamoja na gesi. Fundi anayejali anapaka povu la sabuni na kutafuta. Huyu alichomeka mpira, akafungua mtungi, akaweka kiganja kwenye tundu la dashibodi, akahisi baridi, akafunga. Kuna kibandiko chini ya boneti kinachosema gari linataka gramu ngapi za gesi. Kipo hapo hapo mbele ya macho yake. Hakukitazama.

Siku chache baadaye joto likarudi, nikarudi na mimi. Akaongeza gesi. Safari hii hali ikawa mbaya kuliko mwanzo: nikisimama nasikia kompresa inashika, tak, inaachia, tak, inashika tena, na injini inatetemeka kila inaposhika. Nikampigia, akaniambia niipe muda izoee. Izoee nini?

Siku ya tatu ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa na mama kwenye gari, tumetokea hospitali, nikapitia pale moja kwa moja ili aone mwenyewe. Nikamwambia, "Fundi, mguse mzee mkono, ona anavyotoka jasho." Hakusogea alipokaa. Akasema kwa sauti ili na wenzake wasikie, "Mama, hapa ni Dar. Unataka baridi ya Njombe?" Wakacheka. Mama yangu amekaa pale, mtu mzima, kioo kiko wazi, anasikia kila neno. Hakumpa hata shikamoo. Halafu akamwita mtu aongeze gesi kidogo, akapokea hela, akaenda kula.

Pale pale nilikuwa nimeshahukumu gereji nzima. Lakini kuna kijana wao mmoja, mwanafunzi wa kazi, ambaye haki yake lazima niiseme. Alimwamkia mama, akamletea maji, kisha akaniomba niwashe gari na AC niache injini iungurume. Akachuchumaa mbele ya bampa, akachungulia kwenye grili. Akaniita. "Mama, angalia hapa. Feni ngapi zinazunguka?" Gari langu lina feni mbili mbele. Ya rediyeta ilikuwa inazunguka. Ya kondensa imetulia tuli, ina vumbi mpaka kwenye mapanga.

Akanieleza, na ninaandika ili na wewe ujue. Kondensa ndiyo inayotupa nje joto lililotolewa ndani ya gari. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unaipoza. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Feni ikifa, joto halina pa kwenda, presha inapanda, swichi ya presha inaikata kompresa isipasuke, na wewe ndani unapuliziwa joto. Ukiongeza gesi juu ya hapo, unaipandisha presha zaidi. Ndiyo ile tak, tak. Alifunga geji za kupima presha ya gesi, ile nyekundu ya upande wa presha kubwa ilikuwa imepita psi 300. Akachukua waya mbili, akaipa feni moto moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kimya. Mota imekufa. Hakuhitaji mashine yoyote, na haikufika dakika kumi.

Kwa hiyo nikaanza kulegea, nikasema basi, gereji siyo mbaya, mbaya ni mtu mmoja. Fundi mkuu akarudi. Alipoona boneti iko wazi hakuniuliza mimi, alimgeukia yule kijana: "Nani kakutuma?" Mbele yangu, mbele ya mama. Kijana akainamisha kichwa. Nikamwambia fundi tatizo limeonekana, ni feni. Bila aibu akajibu, "Nilijua, nilikuwa nataka kuanza na gesi kwanza." Halafu akataka nilipie na ufundi wa kuangalia.

Feni ya mtumba nilinunua mwenyewe Gerezani, shilingi 80,000, ikafungwa na fundi mwingine ambaye alitoa gesi yote, akavuta hewa kwenye mfumo kama nusu saa, akajaza kwa kupima gramu za kwenye kibandiko. Sasa nasimama Buguruni robo saa na baridi haipungui.

Mtaniuliza kama mpeleke magari yenu pale. Kwa yule kijana, ndiyo, ningempa gari langu hata kesho akiwa na sehemu yake. Kwa fundi mkuu, hapana. Kuna siku nasema labda alikuwa amechoka, kazi ya juani ni ngumu, kila mtu ana siku yake mbaya. Halafu nakumbuka mama alivyokuwa anajipepea na kipande cha boksi huku wanacheka, na siwezi kumpa hata nyota moja.

Fundi mkuu, kama unasoma hapa: kijana usimfukuze, na zile 180,000 zangu za gesi bado nazidai.