Blanketi la viraka: cherehani au sindano ya mkono, kwa mama mwenye kazi na watoto

Kwa kasi, cherehani haina mpinzani. Vipande vya blanketi la mtoto naviunganisha Jumamosi moja, mshono umenyooka, robo inchi kutoka ukingoni mwanzo hadi mwisho. Lakini inadai meza na saa mbili tatu zisizokatizwa, na hizo ndizo adimu kwangu. Nikishatandaza vitambaa, mara meza ileile inatakiwa kwa chakula cha jioni. Nikikunja, kesho naanza upya kupanga rangi. Usiku ndiyo haiwezekani kabisa, kelele zake zinaamsha watoto.

Sindano ya mkono ni ya polepole, sifichi. Ila kazi yote inaingia kwenye kopo la biskuti: vipande kumi vilivyokwisha kukatwa na kuchorwa mstari kwa penseli, uzi, mkasi mdogo, na subana ya kukinga kidole. Nashona nikimsubiri mwanangu atoke mazoezini, nashona nikimsikiliza binti yangu akisoma kwa sauti. Akiniita, nachomeka sindano kwenye kitambaa na kuinuka. Nikirudi, naendelea palepale nilipoachia. Juzi alikaa ubavuni mwangu akachagua mwenyewe kiraka cha bluu kikae karibu na cha njano, kile kilichotoka kwenye gauni lake la zamani. Kwenye cherehani nisingemruhusu asogeze vidole.

Kwa siku za kazi, nachagua sindano bila kusita. Cherehani naiachia mishono mirefu ya kuunganisha safu, pamoja na pindo la mwisho, siku ambayo baba yao yuko nyumbani nao.