Kliniki ya ushauri nasaha Kisumu: mama yangu aliitwa jina tupu

Hasira haijanitoka. Nilimpeleka mama kwenye kliniki moja ya ushauri nasaha hapa Kisumu, miezi kadhaa baada ya kumzika baba kule Siaya. Mama hali chakula, halali usingizi, na alfajiri anamsikia baba akimwita kutoka zizini.

Mshauri, kijana wa umri wa mjukuu wake, akamwita kwa jina lake tupu. Si mama, si nyanya. Jina, kama anayemwita mtoto darasani. Mama alinitazama, akanyamaza, nikajua hapo tumeshaharibikiwa. Macho ya kijana yalikuwa kwenye tabuleti: "Katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya kufanya mambo? Siku kadhaa, au karibu kila siku?" Mama akaanza habari za zizi. Akakatizwa. "Hizo ni imani, jibu swali." Ukurasa uliofuata, nikaona kidole chake kikitia alama kwamba anasikia sauti zisizokuwepo.

Mjane kumsikia mumewe! Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Fomu ile ya maswali 9 ya kupima sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, naijua, na haina ubaya mikononi mwa mtu anayesikiliza. Hata kitabu cha Wamarekani cha kutambua magonjwa ya akili, toleo la 2013, kina maswali 16 ya kumuuliza mgonjwa yeye mwenyewe anauelewaje ugonjwa wake, na watu wake wanausemaje. Kule Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina nyanya wakae na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wawasikilize. Kisumu tumekosa nyanya?

Nilikuwa nawapa nyota moja, basi. Lakini tukitoka, muuguzi mmoja wa makamo akaja akaketi kando ya mama pale mapokezi. "Pole sana, mama. Ng'ombe wa mzee sasa wanachungwa na nani?" Mama akawataja mmoja mmoja kwa rangi zao, akalia kilio ambacho hakuwahi kulia tangu mazishi. Jioni ile alikula.

Haya, nyota tatu. Hapana, mbili, kwa sababu pesa tulimlipia kijana, na muuguzi hata kwenye risiti hayumo! Wenye kliniki, mkisoma hapa, mpeni yule muuguzi chumba. Mama yangu amekubali kurudi, mradi aonane naye. Nitamleta siku ya zamu yake, na yule kijana asimkaribie.