Tuisheni ya hesabu Nyegezi, Mwanza: ticha yuko vizuri sana, darasa ndo limejaa mno

Mdogo wangu yuko fomu foo, nimempeleka tuisheni moja huku Nyegezi, 30,000 kwa mwezi, jina nalihifadhi maana nina la kulalamika pia.

Ticha pepa ya Nekta (baraza la mitihani la taifa) anaijua nje ndani. Hesabu za fomu foo ni maswali 14 na yote lazima ufanye, sekshen A maswali 10 ya maksi 6 kila moja, sekshen B manne ya maksi 10, hakuna cha kuchagua. Halafu unakuta shuleni kwao topiki ngumu zinarukwa, linia programing (ile ya kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kwa grafu) eti mtajisomea, jamani hizo ni maksi mtoto anaambiwa aziache na D yenyewe inaanzia 30! Huyu harukii kitu, anawarudisha mpaka sehemu na desimali za fomu wan, maana zinatoka na kalkuleta hairuhusiwi, ni majedwali ya Nekta na kichwa chako.

Siku moja nilimfuata dogo nikakaa nyuma, walikuwa kwenye ile topiki ya dunia kama tufe. Akachukua Mwanza na Mbeya, zote ziko kama longitudo 33 mashariki, Mwanza latitudo 2.5 kusini, Mbeya kama 9, toa unabaki na nyuzi 6.5, zidisha mara 60 maana kila nyuzi ni maili 60 za baharini, unapata maili 390. Binti mmoja akaandika 390 tu, akakatwa maksi, akauliza ticha si jibu ndo hilohilo? Ticha akafungua past pepa akamsomea maelekezo ya juu, njia yote ionekane. Nilimpenda hapo, hakumfokea wala nini.

Sasa Jumamosi. Fomu thrii na fomu foo wanachanganywa, benchi wanabanana, wa nyuma grafu ya ubaoni hawaioni kabisa, na mazoezi wanasahihishiana wenyewe kwa kubadilishana madaftari, wakati anayejua maksi inakaa kwenye hatua ipi ni ticha, mtoto mwenzake ataangalia jibu la mwisho tu apige vema. Nimewaambia, wakasema wanatafuta mwalimu wa pili, mpaka leo bado.

Fomu tuu hawana darasa lao, inaniuma kwa sababu nao wana mtihani wa taifa.

Mimi dogo simtoi. Ila mkija ombeni Jumanne au Alhamisi jioni, wanakuwa wachache na ticha anashika daftari la kila mmoja.