Uzoefu wangu na Simplex+: kutafuta rupia na shilingi za kale kwenye udongo wa Arusha

Nokta Simplex+ ni ditekta, yaani mashine ya kutafuta metali ardhini, ya masafa ya kHz 12, yenye koili (sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi) ya aina ya DD ya sm 28, uzito kilo 1.3, betri imo ndani kwa ndani. Naitumia wikendi kwenye mashamba ya Tengeru na Usa River, na mara nyingine upande wa Moshi, kusaka sarafu za fedha. Naipa nyota nne kati ya tano, hasa kwa sababu inakubali kusawazishwa na udongo, yaani kufundishwa kupuuza chuma kilichomo kwenye udongo wenyewe.

Udongo wetu ni wa volkano. Iburuze sumaku ya spika mbovu kwenye mchanga wa korongo lolote, itatoka na ndevu nyeusi. Hicho ndicho chuma kinachoifanya mashine isiyo na kitufe cha kusawazisha ipige hovyo kila unapoipeleka kushoto na kulia, au inyamaze juu ya sarafu iliyo chini sm 10 tu. Kwa Simplex+, tafuta mahali pasipo na chuma chochote, shikilia kitufe cha GB (cha kusawazisha) huku ukipandisha na kushusha koili, kuanzia sm 3 hadi 15 au 20 juu ya ardhi, mpaka kelele ya udongo ikate. Ukihama kutoka udongo mwekundu kwenda mweusi, rudia. Wengi wanaruka hatua hii halafu wanasema mashine haifai.

Sensitiviti, yaani wepesi wa mashine kuhisi, usiipandishe mpaka mwisho. Hapa kuipunguza ngazi mbili hukuongezea kina, kwa kuwa kelele za mawe meusi zinapungua na sauti dhaifu ya sarafu inasikika. Chini ya nyaya za umeme badilisha masafa kwenye menyu kwanza. Kuhusu kina, tusidanganyane: rupia iliyolala ubapa naitegemea mpaka sm 15 hivi, na iliyosimama wima ni pungufu ya hapo. Baada ya mvua za vuli inasikika vizuri zaidi kuliko kwenye vumbi la Septemba. Shamba lililolimwa kwa trekta lisubiri lipigwe haro, maana juu ya matuta koili haikai karibu na ardhi.

Kioo kinaonyesha namba 0 hadi 99, za kukusaidia kukisia ni metali gani iliyo chini. Rupia ya Mjerumani, gramu 11.66 na fedha yake ni asilimia 91.7, inakaa juu kabisa na namba haitikisiki hata ukizunguka ukaipima kutoka upande mwingine. Shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye simba na milima nyuma yake, inasoma chini ya rupia, kwa kuwa za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu. Kuanzia 1948 fedha haimo kabisa, ni shaba na nikeli, kwa hiyo soma mwaka kabla hujashangilia. Ukiokota riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria, mwaka 1780 ulioandikwa usikubabaishe: ziliendelea kupigwa na tarehe hiyohiyo miaka mingi baadaye.

Adui mkubwa hapa ni vipande vya sufuria. Alumini iliyovunjika imejaa kila penye jiko la zamani, na kipande kikubwa kinatoa sauti nzuri kama ya fedha. Inua koili sm 30 juu. Sauti ikiendelea kuwa kubwa, kitu hicho ni kikubwa kuliko sarafu, achana nacho. Kizibo cha bia kina ujanja mwingine: katikati ya koili kinalia vizuri, lakini ukiirudisha koili nyuma polepole mpaka kizibo kikutane na ncha ya mbele, sauti inageuka kuwa ya chuma na namba zinaruka. Usiiambie mashine ipuuze namba zote za vizibo, kwa sababu za shilingi za fedha robo zitapotea humohumo.

Ukishapata alama, chimba mbali nayo, sm 10 kutoka katikati, ukate pande tatu na ufunue udongo kama kifuniko. Udongo uliolegea weka juu ya kiroba, usiutawanye kwenye majani. Sururu iache nyumbani; kovu moja la ncha linaishusha sana bei ya sarafu. Osha kwa maji matupu. Majivu, limau na waya wa kusugulia sufuria vinakula maandishi, na weusi juu ya fedha si uchafu wa kuondoa kwa nguvu.

Mwenye shamba akubali kwanza, na mkubaliane mapema kitakachopatikana mtagawanaje. Boma la Wajerumani pale Arusha na hifadhi zote usizisogelee na mashine. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni kwa anayechimba kutafuta masalia ya kale, kwa hiyo ulizia Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kuanza. Na hizo hadithi za rupia inayovuta mchele ni utapeli mtupu. Thamani ya rupia ni fedha yake na wakusanyaji wake, basi.

Nyota moja niliyoipunguza ni ya betri. Haibadilishwi kwa betri za dukani, kwa hiyo ikiisha huko Kahe bila pawabenki, siku imeisha. Bei yake usiilinganishe mpaka umejumlisha usafirishaji na ushuru.